Siku Tuliyotoka Sare Bungoma

Mwalimu wa kilimo niliyecheza naye chesi Jumamosi ile Bungoma hakuwa mtu wa pupa. Nilikuwa nimekutana naye miaka ya nyuma, kila walimu wa Kitale walipoalikana na walimu wa Bungoma kwa michezo ya kirafiki, na tabia yake niliijua. Askari wake aliwapanga mmoja akimlinda mwenzake, mfalme akamficha mapema, kisha akakaa kusubiri nikosee. Alicheza kama mtu anayepalilia vitunguu. Akikushinda, uliinuka mezani umechoka tu, hukumbuki hata ulipoumia.

Siku hiyo vipande vyeupe vilikuwa vyake. Alianza kwa kumsogeza askari wa mbele ya mfalme, nami nikajibu kwa wangu. Halafu akamsukuma askari wa pembeni yake, yule anayemkinga mfalme, akamwacha pale katikati bila ulinzi.

Nikamtazama. "Mwalimu, una uhakika?"

"Kula, madam," akasema. "Si amewekwa aliwe?"

Sisi Kitale ufunguzi ule tuliuita wa walevi. Unamtoa askari bure, unaufungua mlango wa mfalme wako mwenyewe, na yote hayo ili vipande vyako vitoke haraka vikamvamie mwenzako kabla hajavaa viatu. Nilikuwa nimeusoma kitabuni na kuwaonya wanafunzi wangu wasiujaribu. Sikutarajia kuuona mikononi mwa mtu yule.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nane, miezi michache baada ya uchaguzi na ghasia zake. Tulikuwa kwenye bwalo la shule moja ya upili, meza bado zinanuka maharagwe ya mchana uliopita, na mratibu wetu, Mbukusu mmoja mchangamfu, alikuwa akipaza sauti kwamba watu wa Kitale wakae mstari huu na wa Bungoma wakae ule, tumechelewa bana. Tulikuwa wachache kuliko kawaida. Kuna waliohama, na kuna waliokuwa bado hawataki kukaa meza moja na watu fulani. Hakuna aliyesema hivyo waziwazi. Walisema tu kwamba wana mafua.

Mimi nilikuwa nafundisha hesabu Kitale na kupanga vyumba viwili katika mtaa wa Tuwan. Chumba kimoja alilala mama yangu. Wazazi wangu walitoka Murang'a zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia, na mimi nilizaliwa kwenye shamba hilo. Januari ile, watu wa asili yetu walipofukuzwa, mama aliondoka huko juu ya lori la majirani, na tuliporudi kuangalia, nyumba ilikuwa imebaki kuta. Mabati yalikuwa yameng'olewa yote, misumari ikachukuliwa pia. Hatukujua nani aliyachukua. Kwa hiyo mama alimshuku kila mtu.

Mwalimu naye alikuwa wa mlimani, kwenye miteremko ya Elgon juu ya Chwele. Huko shida zilianza kabla ya zetu. Kulikuwa na bunduki za pande mbili, za wanamgambo na za wanajeshi, na mtu wa kawaida alikuwa katikati, hajui amwogope nani kwanza. Shule yake ilifungwa. Yeye, mkewe na mama yake mzazi waliteremka Chwele wakapanga chumba nyuma ya ghala la mahindi. Mdogo wake alikataa kuteremka kwa sababu ya ng'ombe. Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa wenzake wa Bungoma tulipokuwa tukinywa chai.

Nilimla yule askari. Mwalimu akamtoa farasi, kisha askofu. Nikasukuma askari wangu kumfukuza farasi huyo, na hapo mchezaji yeyote wa kawaida angemwondoa. Yeye hakumwondoa. Alimficha mfalme wake nyuma ya ngome, akakunja mikono.

"Farasi pia?" nikamuuliza.

"Farasi pia."

Nikamla farasi. Malkia wake akatoka kwa kishindo akasimama mbele ya mfalme wangu, ngome yake nyuma yake, na upande wangu wote wa kulia ulikuwa bado umelala nyumbani. Nilikuwa mbele kwa farasi mzima na nilikuwa naogopa.

Hapo simu yake ikalia. Alitazama namba, akainuka bila kuniomba radhi, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya matangi ya maji, mkono mmoja umeziba sikio. Aliongea kidogo sana. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Kuna shida, mwalimu?"

"Tumalize kwanza."

"Tunaweza kuacha. Hakuna anayetuandikia."

"Madam, tafadhali. Tumalize."

Akamchukua askofu wake akampiga askari aliyekuwa bega kwa bega na mfalme wangu. Ilikuwa sadaka nyingine, farasi ameenda, sasa askofu. Ilibidi nimle kwa mfalme mwenyewe, na mfalme wangu akajikuta nje uwanjani kama mtu aliyetolewa nyumbani na shuka. Walimu waliokuwa wamemaliza wakaja kusimama nyuma yetu. Mmoja akanong'ona, "Huyu leo amekula nini?"

Hatua zilizofuata nilizicheza za kujilinda tu. Nilijaribu kubadilishana malkia, akakwepa. Nilimtoa farasi wangu, akamfunga. Nilipohesabu, nilikuwa na vipande viwili zaidi yake, na bado sikuona hata pahali pamoja pa kumpumzisha mfalme. Kisha malkia wake akaanza kumpiga mfalme cheki kutoka pembeni. Nikasogea. Akampiga cheki kutoka mbele. Nikarudi. Akarudi pembeni. Kulikuwa na njia moja tu ya kutoka kwenye mzunguko ule, kumkimbiza mfalme kupita katikati ya ubao hadi upande wa pili. Nilikaa nayo muda mrefu. Nilifuata hatua moja baada ya nyingine kichwani, na kila nilipofika mahali fulani nilipotea, sijui kama pale mbele ni usalama au ni mwisho. Miaka mingi baadaye nimeipanga hali ile tena mezani kwangu, na bado sina hakika.

Nikarudi nilikotoka. Naye akapiga cheki ile ile. Kanuni inasema hali ikijirudia mara tatu mchezo ni sare. Ilipojirudia, alininyooshea mkono.

"Umenionea huruma?" akauliza, mkono wake bado umenishika.

"Hapana. Niliogopa kutembea."

Alinikazia macho kuona kama ninadanganya. Kisha akasema, "Sawa. Nakuamini." Tukaanza kurudisha vipande kwenye mfuko.

"Kwa nini umecheza hivyo leo?" nilimuuliza.

"Tangu tukimbie sina subira. Nikikaa kungoja, naona mambo." Alifunga mfuko akaufungua tena. "Wamenipigia kutoka kwetu. Wanasema kuna mtu wa kwetu aliletwa na bodaboda hospitalini hapa mjini, mguu umevunjwa. Ndugu yangu hajaonekana tangu watu wenye bunduki waende boma letu. Madam, nisindikize. Peke yangu sitaweza."

Hospitali haikuwa mbali. Tulitembea, tukapita wauza viazi na watu waliokuwa wakipakia mikungu ya ndizi. Nilidhani anaogopa kumkuta amekufa.

Wodini mgonjwa alikuwa amelala amegeukia ukuta, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Alikuwa amejiandikisha kwa jina lisilo lake, la watu wa Bungoma mjini. Lakini masikio yake yalikuwa yale yale ya mwalimu, yaliyojitokeza kama vishikio vya sufuria.

"Nyinyi ni nani wake?" muuguzi akauliza.

"Mimi ni kaka yake," mwalimu akasema. Akamgusa bega akamwita kwa lugha yao.

Mgonjwa hakugeuka. "Sista," akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, "mimi simjui huyu mtu. Mtoe."

Muuguzi alitutazama, akamtazama tena mgonjwa. Nadhani masikio aliyaona pia. Lakini mwezi ule alikuwa ameona mengi, na hakubishana na mgonjwa. "Tokeni kidogo," akasema kwa upole. "Mtarejea akishapumzika."

Kwenye baraza mwalimu aliegemeza paji la uso kwenye nguzo. Sikujua nimguse au nimwache.

"Anafikiria ni mimi," alisema hatimaye.

"Ni wewe nini?"

"Niliyemtaja. Siku tulipokuwa tukiteremka, watu wenye bunduki walisimamisha wanaume njiani, wakatuhoji mmoja mmoja. Wengine walikaa hapo mpaka jioni. Wengine hawajarudi. Mimi waliniachilia mapema, wakasema, mwalimu enda. Sasa huko kwetu wanasema, huyo alitoa nini ndiyo aachwe?"

"Na ulitoa nini?"

"Sikutoa kitu, madam! Sikutoa mtu!"

Nilimwamini. Nilimwambia asubiri, nikarudi ndani mwenyewe. Sijui nilitumwa na nini. Nilivuta kiti nikakaa.

"Pole sana," nikasema.

Mgonjwa akauliza akiwa bado ameangalia ukuta, "Wewe ni wa wapi?"

"Kitale. Lakini wazee wangu walitoka Murang'a."

Akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, midomo imekauka. "Kwa hiyo hujui mtu wa kwetu."

"Namjua huyo aliye nje tu."

"Huyo muulize swali moja. Watu wale walikuja moja kwa moja. Hawakuulizia nyumba. Walijua boma, walijua na mahali ng'ombe zinalala. Nani aliwaonyesha?"

Swali hilo sikumfikishia mwalimu, na niliporudi Kitale sikumwambia mama chochote. Lakini wiki iliyofuata nilishuka tena Bungoma kumwona mgonjwa, kwa sababu mwalimu alinisihi, na kwa sababu mgonjwa alikataa chakula chochote alichotuma kaka yake. Alinilaki na habari kwamba wanamtoa; vitanda vimejaa. Nilimuuliza ataenda wapi. Chwele alikataa kabisa. Mlimani haikuwezekana.

"Nipeleke mahali hakuna mtu wa kwetu hata mmoja," alisema. "Hapo nitalala."

Nilimpigia mwalimu simu. Nilimweleza aliyosema mdogo wake. "Akikubali kwenda kwako kuliko kuja kwangu," alisema, "basi aende kwako."

Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni tulipofika Tuwan, mimi nikimshika mgonjwa kwapani. Alimtazama kuanzia magongo mpaka usoni. Alisubiri nimlaze kwenye kochi, akaniita nyuma ya nyumba.

"Umeniletea mmoja wao?"

"Mama, hawa si wale. Huyu ni wa mlimani, mbali na shamba letu."

"Unajua aje? Wewe uliwaona wale?"

Sikuwa nimewaona. Hakuna kati yetu aliyewaona.

"Ameumia, mama. Hana pa kwenda."

"Hata mimi sikuwa na pa kwenda," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Siku za kwanza alimwekea sahani ya chakula juu ya stuli na kuondoka bila salamu. Mgonjwa alikula akiwa ameinamisha kichwa, akasema asante kwa mgongo wa mama. Sijawahi kuona nyumba ndogo hivyo ikiwa na kimya kikubwa hivyo. Nilienda kazini nikiwa na wasiwasi, nikarudi nikiwa na wasiwasi. Majirani walianza kuuliza ni nani. Nilisema ni mgonjwa wa kanisa, na mama, aliyekuwa wa kwanza kukemea uongo katika chama cha akina mama, hakunisahihisha.

Aliyevunja kimya ni ng'ombe. Mama alikuwa ameacha ng'ombe wake wa maziwa shambani Januari ile, na siku moja nikiwa nasahihisha madaftari nilimsikia akinung'unika peke yake kwamba yule ng'ombe alikuwa na chuchu moja mbovu, na huko aliko pengine wanamkamua vibaya. Kijana akasema kutoka kwenye kochi, "Ya nyuma au ya mbele?" Mama akasema ya nyuma. Kijana akamweleza walivyokuwa wakikanda kwa maji moto na samli. Mama akabisha kuhusu samli. Wakabishana mpaka ugali ukawa tayari. Kuanzia hapo alimsalimia asubuhi, na vidonda vilivyokuwa mguu wa pili alivisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi.

Mwalimu alikuja kila Jumamosi kutoka Chwele, amebeba vitunguu au ndizi. Kila aliposikika mlangoni, mdogo wake alijivuta kwa magongo akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye ua wa michongoma mpaka kaka yake aondoke. Mwalimu aliketi, akanywa chai, akamsikia akikohoa kule nje. Tulitandika ubao wa chesi ili mikono iwe na kazi. Hatukumaliza mchezo hata mmoja.

Jumamosi moja mvua ya Kitale ilinyesha, ile ya kupiga mabati mpaka watu waongee kwa kupaza sauti. Kijana hakuweza kutoka. Alikaa kwenye kochi, uso kando. Mwalimu alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Mama alimimina chai vikombe vinne, akaketi katikati yao.

"Mimi sijui nani alichukua mabati yangu," alisema. Hakumtazama yeyote. "Nimeshuku jirani wa juu. Nimeshuku wa chini. Nimeshuku mpaka yule mzee aliyenizikia mume wangu. Kila usiku nashuku mwingine. Nimechoka. Wewe kijana, unayemshuku ameketi hapo. Muulize."

Kijana alizungusha kikombe mkononi muda mrefu. Kisha akasema, bila kumwita kaka, "Mwalimu. Siku ile walikuuliza nini?"

"Waliniuliza nafundisha wapi."

"Halafu?"

"Kama nina ndugu. Nikasema ninaye mmoja."

"Halafu?"

Mvua ilikuwa kubwa. Nilimwona mwalimu akirudi kichwani mwake mpaka barabara ile, akitafuta, na nikaona uso wake unavyobadilika alipokipata alichokuwa akitafuta.

"Waliuliza kwetu ni wapi," alisema. "Tulikuwa tumesimama pale kwenye kona, nyumba inaonekana. Nikaonyesha kwa mkono. Nyumba ya mama. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, si anaonyesha?" Alitutazama mmoja mmoja. "Sikufikiria hiyo ni kusema. Niliwaambia tu kwetu."



"Ungedanganya," kijana alisema.

"Sikujua."

"Mimi ningedanganya."

"Sikujua! Waliuliza kama mtu anayekusalimia!"

Mwalimu akainuka akatoka kwenye mvua ile ile, akaacha chai na kofia. Nilitaka kumfuata, mama akanishika mkono. Kijana alibaki ameshika kikombe chake hadi kikapoa. Baadaye, tukiosha vyombo, mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Sasa wamejua. Na haijasaidia."

Plasta ilipotolewa kijana aliondoka. Alipata kazi ya kuangalia mifugo upande wa Endebess, kwa mtu aliyefahamiana na mama kanisani. Alimuaga mama kwa mikono miwili. Kwa kaka yake hakuacha neno.

Mwalimu hakuja tena Kitale kucheza. Mara chache alinipigia simu, akauliza hali ya mguu wa mdogo wake kana kwamba mimi ndiye jamaa na yeye ndiye mgeni, nami nilimwambia nilichojua.

Mwaka uliofuata mama yao alifariki. Watu walikuwa wameanza kurudi mlimani, akazikwa kwake. Mimi na mama yangu tulipanda kwa pikapu kutoka Chwele, mama akinung'unika kuhusu barabara na kuuliza kila mti ni wa nini. Kijana alikuja na fimbo. Ulipofika wakati wa kufukia alichukua koleo, akarusha udongo mara kadhaa akichechemea. Mwalimu alimkaribia akanyoosha mkono kuomba koleo. Kijana hakumpa. Aliendelea kidogo, kisha akaichomeka kwenye udongo na kuiacha pale, akarudi nyuma. Mwalimu akaichukua, akaendelea.

Wakati wa chakula walikaa meza tofauti. Kijana alikuja kutusalimia, akawaambia wazee waliokuwa karibu kwamba huyu ndiye mama aliyemkalisha Kitale. Mama alimuuliza ng'ombe wa nyumbani walibaki wangapi.

"Wawili," alisema. "Wako kwa mwalimu. Mguu wangu hauwezi ule mteremko wa kwenda mtoni."

"Anajua kuwakamua?"

Akatazama upande ule mwingine wa boma, mahali kaka yake alikuwa akikusanya viti vya kukodi. "Anajaribu," akasema.

Mvua ilikuwa inakusanyika juu ya mlima. Dereva wa pikapu alipiga honi, mama akajifunga leso vizuri, na tukaanza kuteremka kabla barabara haijaharibika.